Harufu ya Maji ya Nyumbani

Somo: Yohana 21:1–17



Fungueni Injili ya Yohana, sura ya 21, mkaisome polepole kabla ya kuendelea na maneno yetu haya. Mtaona habari ya wanafunzi saba waliokwenda kuvua usiku kucha wasipate kitu. Kulipopambazuka, Bwana alikuwa amesimama ufukoni, wala hawakumtambua. Hakuwauliza walikimbilia wapi usiku ule alipokamatwa. Aliwauliza kama wana kitoweo. Somo hili tumelisoma mara nyingi, na tumelihubiri miaka mingi baada ya Pasaka. Lakini twakiri mbele yenu kwamba hatukulielewa vema hata siku ile tuliposimama sisi wenyewe ufukoni mwa ziwa la ugenini, mshipi mkononi, na kando yetu mwana wetu asiyetaka kusema nasi.

Habari yenyewe ni hii. Mwana wetu wa kwanza alibatizwa katika usharika wetu, upande wa Bukoba, karibu na Ziwa Viktoria. Alijifunza katekisimo kwetu sisi wenyewe, akapata kipaimara, akaimba katika kwaya ya vijana. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa alipata nafasi ya kusoma katika jimbo la Michigan, huko Marekani. Mwaka wa kwanza alituletea habari kila juma. Mwaka wa pili habari zake zikapungua. Kisha tukasikia kwa watu wengine ya kwamba haonekani tena kanisani, na ya kwamba ameyaacha masomo aliyokwenda kuyasoma, ameshika mengine. Jambo hili lilituchoma sana. Sisi ni mchungaji. Watu wangesema nini juu ya nyumba yetu? Tukamwandikia kwa ukali, naye akajibu kwa maneno machache. Tukamwandikia tena kwa ukali uliozidi, naye hakujibu neno.

Ikawa dayosisi yetu ilituma wajumbe kuzitembelea sharika za Kilutheri za Michigan zilizo na urafiki nasi, nasi tukachaguliwa kuwa miongoni mwao, pamoja na mama wa nyumba yetu. Tulishukuru. Lakini moyoni tulikuwa na safari ya pili. Tulikuwa tumeandaa salamu kwa ajili ya wenyeji, tena tulikuwa tumeandaa hotuba kwa ajili ya mwana wetu. Na ile hotuba ndiyo tuliyoikariri zaidi njiani.

Mzee mmoja wa usharika uliotupokea alikuwa na desturi, kila mwaka mwanzoni mwa Oktoba, ya kuwachukua mkewe, binti yake na wajukuu wake, waende kukaa siku chache katika mji mdogo wa Frankfort, ufukoni mwa Ziwa Michigan, wavue trauti na samoni. Aliposikia kwamba tuna mwana huko chuoni, alimwalika yeye pia aje pamoja nasi, wala hakutuuliza zaidi. Basi tulikwenda sote katika magari mawili. Na mwana wetu alichagua kupanda gari lile ambalo sisi hatukuwamo.

Ndugu wasomaji, yafaa tuwaeleze kidogo mahali pale na samaki wale, kwa maana Mungu ametufundisha kwao. Nchi ile ina majira manne. Kati ya joto na theluji kuna majira ya kupukutika kwa majani: miti yageuka rangi ya manjano na nyekundu, upepo huwa wa baridi, na usiku huongezeka. Ziwa Michigan ni kubwa, eneo lake lapata kilomita za mraba 58,000, dogo kidogo kuliko Viktoria letu, lenye kilomita za mraba 68,000 hivi. Mtu akisimama ufukoni haoni ng'ambo. Huko Frankfort wamejenga kuta za mawe na saruji ziingiazo ziwani, ili kuulinda mlango wa bandari na mawimbi, na mwishoni mwa ukuta mmoja pana mnara wa taa. Juu ya kuta hizo watu husimama jioni na alfajiri wakavua, wazee kwa watoto, bila chombo cha majini.

Trauti baadhi yenu mwamjua, kwa kuwa aliletwa katika mito ya baridi ya milima ya Kenya tangu 1905. Samoni ni wa jamii moja naye, lakini ni mkubwa zaidi. Maisha yake ni ya ajabu. Huanguliwa mtoni, katika changarawe, penye maji mepesi na ya baridi. Akiisha kukua kidogo huteremka mpaka kwenye maji makuu, baharini au ziwani, akaishi huko akinenepa, wengine mwaka mmoja na nusu, wengine miaka mitatu au minne. Kisha, majira ya kupukutika kwa majani yajapo, huurudia mto ule ule aliotoka. Huupanda akishindana na mkondo, hutaga mayai yake, na hapo hufa. Wavuvi wa ufukoni humvizia mlangoni mwa mto, wakati anapokaribia kuingia.

Lakini samoni hakuwa mwenyeji wa Ziwa Michigan, kama vile sangara hakuwa mwenyeji wa ziwa letu kabla ya kuletwa miaka ya 1950. Hapo kale trauti wa ziwa ndio waliokuwa wengi. Ndipo akaingia, kwa njia za maji zilizochimbwa na wanadamu, samaki mmoja mrefu kama mkunga, mwenye kinywa cha kunyonya damu, akawaangamiza trauti. Wakaongezeka na samaki wengine wadogo wa baharini pasipo wa kuwala, hata wakafa kwa malundo na kuoza fukoni. Basi watu wa serikali ya Michigan wakaomba mayai ya samoni kutoka Oregon, pwani ya Bahari ya Pasifiki, wakayaangua, wakawalea wachanga. Na mwaka 1966 wakawaachilia katika mto Platte, ulio kaskazini ya Frankfort, na katika kijito kimoja kiingiacho mto Manistee. Mwaka 1967 wakarudi, wakubwa na wengi. Angalieni jambo hili vema, kwa maana tutalirudia: damu ya samaki wale ilikuwa ya Oregon, lakini hawakutafuta njia ya Oregon. Walirudi kwenye maji waliyolelewa ndani yake.

Sasa tuirudie habari yetu. Jioni ya kwanza tulisimama ukutani hata giza likaingia, tusipate kitu. Wenyeji walitufundisha namna zao mbili. Ya kwanza ni kutupa mbali kipande cha madini king'aacho mfano wa samaki mdogo, na kukivuta. Usiku hukimulika kwanza kwa tochi, nacho huendelea kung'aa majini. Ya pili ni kuyafunga mayai ya samaki katika kitambaa chembamba cha wavu, kuyatia katika ndoana, na kuyaacha karibu na chini. Trauti huyapenda mayai hayo, kwa kuwa majira yale huwafuata samoni ili wayale. Fimbo husimamishwa ukutani, na kengele ndogo hufungwa kwenye ncha. Kisha mtu hungoja. Sisi tuliozoea taa za dagaa na makokoro tuliona ni kazi ya subira kupita kiasi, na subira hatukuwa nayo. Tulikuwa tukimtazama mwana wetu, tukitafuta nafasi ya kumtolea ile hotuba.

Alfajiri ya siku ya pili kulikuwa na baridi kali. Kengele ya fimbo yake ikalia. Fimbo ikapinda, na mshipi ukakimbia ukipiga kelele. Samaki mkubwa akaruka juu ya maji, akaanguka tena. Mjukuu mdogo wa yule mzee akapiga vigelegele. Nasi, ndugu zetu, tukaanza kuamrisha. "Vuta! Usilegeze! Shika hivi! Hujui kitu!" Hata tukamwendea, tukaishika fimbo ile mkononi mwake, tukavuta kwa nguvu zetu zote kama watu wa ziwani. Mshipi ukakatika. Kukawa kimya. Mwana wetu hakusema neno. Aliiweka fimbo chini taratibu, akaenda mpaka mwisho wa ukuta, penye mnara wa taa, akasimama huko peke yake.

Baada ya kitambo yule mzee naye alipata samoni wa kilo saba au nane, akampasua palepale ufukoni. Akatuita tutazame tumboni mwake. Mlikuwa mtupu, hamna hata dagaa mmoja. Akatueleza ya kwamba samoni akiukaribia mto huacha kula. Tumbo lake hunywea, na nguvu zake zote ni za safari. Tukamwuliza: "Basi kama hali chakula, kwa nini aliuma ndoana?" Akajibu: "Mchungaji, hakuna ajuaye yaliyo moyoni mwa samaki. Lakini sisi wavuvi husema, ni kwa hasira. Kitu kimepita mbele yake, kimemchukiza, naye hukiuma. Hasira hiyo ndiyo inayomnasa."

Mzee yule hakuwa na nia ya kutuhubiria. Alikuwa akiosha kisu chake. Lakini neno lake lilitushika. Kwa maana tuliona kwamba miezi mingi tumekuwa tukiuma bila njaa. Zile barua zetu kali tulikuwa tukisema ni za kumtafuta mwana. Lakini kama tungezipasua, tumboni mwake hamkuwa na kitu cha kumlisha yeye wala sisi. Mlikuwa na chuki tu ya kuaibishwa mbele za watu.

Siku ile ile, kabla ya adhuhuri, mzee alitupeleka sote mpaka mto Platte, mahali pa kuangulia samaki. Tuliwaona samoni wakirudi. Mgongo wao umekuwa mweusi, ngozi imechubuka kwa mawe, taya za madume zimepinda kama ndoana. Nao walikuwa bado wakisukuma vichwa vyao kuelekea mkondo. Wajukuu waliuliza: "Wanaijuaje njia?" Ndipo tukaelezwa habari ya mtaalamu mmoja, Arthur Hasler, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ng'ambo ya ziwa lile. Mtu huyu alisimulia ya kwamba siku moja alikuwa akipanda mlima wa nchi ya utoto wake, akikaribia maporomoko ya maji asiyoyaona bado. Upepo wa baridi ukamletea harufu ya kuvu ya mawe na ya maua ya mahali pale. Mara kumbukumbu za utotoni, na za rafiki aliokuwa amewasahau, zikamjia zote pamoja. Akawaza: Kama harufu yanirudisha mimi hivi, je, haiwezi kumrudisha samoni?

Basi yeye na wenzake wakawajaribu. Waliwaweka samoni wachanga, katika umri ule wanapokaribia kuteremka ziwani, kwenye maji yaliyotiwa dawa yenye harufu, iitwayo mofolini, kiasi kidogo mno. Wengine wakawatilia dawa ya harufu nyingine. Kisha wakawaachilia katika Ziwa Michigan. Baada ya mwaka mmoja na nusu, majira ya kurudi yalipofika, wakaidondosha mofolini katika kijito kimoja, na ile dawa nyingine katika kijito cha pili. Karibu samaki wote walioonekana tena walikwenda kila mmoja katika kijito chenye harufu yake, ijapokuwa hawakuwa wamelelewa katika vijito hivyo. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1976.

Tukamtazama mwana wetu. Alikuwa amesimama akiinamia maji, anasikiliza sana. Hatukumwambia neno. Hotuba yetu ilikuwa bado mfukoni mwa moyo, lakini ilianza kuwa nzito kuibeba.

Jioni, binti wa yule mzee alikuwa amepata trauti wawili wazuri. Kando ya nyumba ya mbao tuliyofikia palikuwa na jiko la makaa. Mama wa nyumba yetu akaomba awapike yeye, akawaosha, akawatia chumvi na ndimu, akawaweka juu ya makaa kama tunavyofanya kwetu. Kando yao akateleka kahawa ya Bukoba aliyoichukua katika mfuko wake. Mwana wetu alikuwa ameketi mbali, juu ya gogo. Tukaenda. Na huko njiani, hatua chache tu, tukalikumbuka somo la Yohana: makaa, na samaki juu yake. Ikatujia aibu. Tukatafuta neno la kwanza la hotuba yetu, tusilione. Tukamwambia tu: "Mwanangu, njoo ule."

Alikuja. Alikula kimya. Kisha, akiwa ameushika mfupa wa samaki mkononi, akasema: "Baba, kila ujumbe wako niliufungua nikitumaini kwamba utaniuliza kama nimekula. Majira ya baridi ya mwaka wa pili niliugua majuma mawili, nikashindwa na masomo yale. Siku ile nilipotaka kukueleza, ujumbe wako ulifika. Uliuliza habari ya ada, na kwa nini watu hawanioni kanisani." Tukamwuliza: "Mbona hukutuambia kwamba waumwa?" Akajibu: "Nilimwambia Mama."

Kumbe mama yake, kila Jumapili jioni, alikuwa akimwuliza neno moja: Umekula nini, mwanangu? Naye alikuwa akimjibu, hata katika miezi ile aliyokuwa kimya kwetu. Mama hakutuficha kwa ubaya. Alijua ya kwamba kila habari aliyotuletea tuliigeuza kuwa fimbo. Ndugu, yatuwia vigumu kuyaandika haya katika gazeti lisomwalo na sharika zetu. Lakini tumeyaandika kwa sababu twajua ya kwamba hatuko peke yetu.

Sasa tulitazame somo. Petro alimkana Bwana mara tatu, na Yohana ametuandikia katika sura ya 18 ya kwamba palikuwa na moto wa makaa, naye Petro alikuwa akiota moto huo. Katika sura ya 21 pana moto wa makaa tena, umewashwa na Bwana mwenyewe. Je, Petro alipokaribia na nguo zake zimelowa maji, akasikia harufu ile ya makaa, hakuukumbuka ua wa Kuhani Mkuu? Hapo pangekuwa mahali pa kumhukumu. Lakini Bwana alikuwa ameandaa mkate na samaki, akawaalika wale. Tena, kabla hawajauvuta wavu wao wenye samaki mia na hamsini na watatu, samaki wa Bwana alikuwa amekwisha kuwa motoni. Hakuwangoja walete kitu ndipo awapokee. Na walipokwisha kula, ndipo alipomwuliza Petro juu ya upendo wake. Swali lilikuja, nalo lilimhuzunisha Petro; hatusemi kwamba mzazi asiulize kamwe. Lakini lilikuja baada ya chakula, nalo lilikuwa swali la upendo, na mwisho wake alipewa kondoo wa kulisha. Sisi tulikuwa tumeligeuza somo kichwa chini: tuliuliza kwanza, kwa ukali, tena tuliuliza habari ya sifa yetu.

Wapenzi, twataka kuyaweka mbele yenu mambo matatu, kisha tumalize.

La kwanza ni kwenu walimu na wazazi wa watoto wadogo. Damu ya samoni wale haikuwarudisha Oregon. Walirudi penye malezi yao. Mtoto wa mchungaji hazaliwi na imani katika damu yake, wala mtoto wa mwinjilisti, wala mtoto wa mzee wa kanisa. Basi tujiulize: katika miaka hii michache kabla hawajateremka kwenda ziwani, maji ya nyumba zetu yana harufu gani? Mtoto akisikia neno kanisa, akumbuka nini? Akumbuka wimbo wa asubuhi, na baba aliyemfunika usiku akisali? Au akumbuka fimbo ya siku ile aliposahau amri ya nne? Twaweza kumfundisha katekisimo yote, kila neno mahali pake, na pamoja nayo tukatia tone la hofu. Naye akiisha kukua, ataisahau katekisimo na kuikumbuka hofu.

La pili ni onyo. Samaki wale wa Hasler waliitika dawa iliyotiwa na watu, wakaingia kijito kisichokuwa chao. Harufu yaweza kuita mahali popote. Dunia nayo ina matone yake, nayo huyadondosha mapema: fedha, pombe, picha za upuuzi katika simu, na maneno ya kudharau wengine ambayo watoto huyasikia kwetu mezani. Mtu asiseme, ni kidogo tu. Mofolini ile ilikuwa kidogo mno, na miezi kumi na minane katika ziwa kubwa kama lile haikuifuta.

La tatu ni faraja, nalo ndilo kubwa. Kuna wazazi watakaosoma haya nao watalia, wakisema: Tulikosa, na mtoto amekwisha kuteremka ziwani. Kwenu twasema: ubatizo si dawa ya mtaalamu. Hatuwaokoi watoto wetu kwa malezi yetu mema, wala hatuwezi kuyashinda maneno ya Mungu kwa malezi yetu mabaya. Roho Mtakatifu ndiye aitaye kwa Injili, naye huita hata katika maji tuliyoyachafua. Mkumbukeni na trauti: samoni huupanda mto mara moja tu katika maisha yake, lakini trauti aweza kuurudia mara ya pili na ya tatu. Mungu hana hesabu ya marudio. Tena samoni hufika nyumbani ili afe. Lakini amrudiaye Bwana hufika ili aishi, kwa sababu mwingine amekwisha kufa kwa ajili yake. Huyo ndiye asimamaye ufukoni kulipopambazuka.

Mtatuuliza: Je, mwana wenu amerudi? Jumapili ile tulipokuwa bado Michigan alikuja pamoja nasi kanisani. Aliketi nyuma, karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka. Tulipotoka tulimkuta nje, chini ya mti wenye majani mekundu, anatungoja ili atusaidie kubeba mizigo. Hatuandiki kwamba amerudi. Twaandika ya kwamba sasa, kila Jumapili jioni, sisi nasi twamwuliza amekula nini, naye hutujibu. Na juma lililopita, kabla hatujauliza, yeye alituuliza sisi kwanza.

Basi, ndugu, yeyote aliye na mtoto aliye mbali, mwenye kuishi mjini, machimboni, ng'ambo, au katika nyumba ya pili tu asiposemezana naye, usiku huu aiweke kando hotuba yake. Awashe makaa. Amtumie neno la kumwuliza kama amekula. Na atakapokuja, kama ni leo au kama ni baada ya miaka, akute kitu motoni.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewangoja wanafunzi wako ufukoni wakati walipokuwa wamechoka na mikono yao ni mitupu, utusamehe sisi wazazi na walimu ambao tumewauma watoto wako kwa hasira. Yasafishe maji ya nyumba zetu. Uwakumbuke wote waliobatizwa kwa jina lako, walio mbali na meza yako usiku huu. Uwaite kwa sauti wanayoijua. Na sisi utufundishe kuutunza moto. Amina.